Ukale si rangi ya kahawia tu

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Wapo wanaoniuliza huwa nafanya nini jioni nikishatoka kwenye mikutano ya waandishi. Jibu ni hili: nakaa sebuleni na misumari, karatasi, vipande vya mbao na saa mbovu, natengeneza mapambo ya mtindo wa kizamani.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani huuita mtindo huu stimupanki. Jina hilo lilibuniwa kwa utani na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, mwaka 1987, akizungumzia hadithi zenye mashine za mvuke na mandhari ya enzi za Malkia Victoria. Kutoka vitabuni mtindo ukahamia kwenye mavazi na mapambo: magurudumu ya meno, shaba, ngozi, miwani mikubwa ya kifundi. Hapa Afrika Mashariki tunaye Cyrus Kabiru wa Nairobi, msanii aliyejulikana duniani kwa miwani anayoiunda kwa nyaya na vitu vilivyotupwa. Kwa hiyo msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu peke yao!

Kazi yangu ya sasa ni sanduku la ukutani lenye ramani ya reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mvuke wetu ndio huo, nikaona niuanzie hapo.

Ramani niliizeesha kwa chai ya rangi. Chemsha majani mengi, acha ipoe, paka kwa sifongo, anika kivulini. Tumia fotokopi, maana karatasi iliyochapwa kwa wino wa maji itachuruzika yote. Vyuma navyo havishikwi na gundi nyeupe ya maseremala. Sugua kwa msasa, futa mafuta kwa spiriti, kisha tumia ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa.

Kwenye saa nina sheria mbili. Ya kwanza: saa inayotembea haivunjwi. Inapelekwa kwa fundi, basi.

Ya pili ni ya usalama, naomba muisome vizuri. Saa za zamani zenye namba au mishale iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1970, zinaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi. Usizifungue, usizikwangue. Na usidanganyike kwa kuwa hazing'ai tena. Kinachochoka ni ile rangi. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani walifundishwa kuchonga ncha za brashi kwa midomo yao. Katika miaka ya 1920 wengi waliugua vibaya, na baadhi walikufa taya zikiwa zimeoza.

Habari hiyo ndiyo iliyonifanya niitazame upya ramani yangu. Ilikuwa imependeza mno: rangi ya kahawia, kichwa cha treni katikati, magurudumu ya saa pembeni. Lakini reli ile ilipojengwa, kati ya mwaka 1896 na 1901, waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 walikufa. Wengi wetu tunachokumbuka ni simba wa Tsavo tu, ingawa maradhi na ajali ndivyo vilivyomaliza watu wengi zaidi.

Basi nikachukua kipande cha bati, nikagonga namba 2,500 kwa nyundo na msumari, nukta kwa nukta, nikakibandika chini ya ule mstari wa reli. Rafiki yangu mmoja alipoliona sanduku akaguna. "Ndugu yangu, pambo la sebuleni unaliwekea msiba?"

Hoja yake naielewa. Mtu anataka akae, anywe chai, aangalie kitu kizuri. Lakini mimi naona tunapoupenda ukale kwa sababu ya rangi yake tu, tunawasahau waliouinua kwa migongo yao. Uzuri nimeuacha ulivyo, nimeongeza ukweli kidogo. Anayekuja kwangu huanza kwa kusifia magurudumu, halafu huuliza ile namba ni ya nini. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida ya pambo.

Nanyi jaribuni. Kwenye stoo za wazee na kwa wauza vyuma chakavu hamkosi kufuli bovu, chemli iliyopasuka, ufunguo usio na mlango. Ila kabla hujakata wala kubandika, uliza kwanza: hiki kilikuwa cha nani, na kilimgharimu nini?

Alamsiki.