Msufi wa Germaine Acogny

Germaine Acogny alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal, akaenda Ufaransa kusomea elimu ya viungo. Mwaka 1968 akafungua studio ya dansi Dakar. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Linalonirudisha kwake kila mara ni kazi ya kuchosha, isiyopigiwa makofi, aliyoifanya kwa miaka mingi: alizichambua ngoma za Afrika Magharibi kiungo kwa kiungo, akatenga mwondoko mmoja mmoja, akaupa jina, akauchanganya na alichojifunza katika balle na dansi ya kisasa ya Ulaya, hadi ukawa unafundishika. Mbuyu. Msufi. Yungiyungi. Uti wa mgongo kwake ni mti wa uhai. Kifua ni jua, makalio ni mwezi, kinena ni nyota. Mwaka 1980 akayatia kitabuni.

Sisi tuliocheza ngoma za shule tunaijua njia nyingine ya kutunza utamaduni. Mgeni rasmi anakuja, mwalimu anachagua wanafunzi wachache, sindimba ya Wamakonde inafupishwa, kiuno kinapunguzwa makali ili mgeni asione haya, anatunza noti mbili tatu, imekwisha. Nimecheza hivyo na nilifurahi, maana soda tulipewa. Lakini hakuna aliyetueleza kwa nini goti linakunjwa vile, wala uzito wa mwili unakwenda wapi mguu unapopiga chini. Tulipewa umbo bila ufundi wake. Ndiyo maana leo, watu wazima, tunaisifu sindimba kwa maneno mengi na hatuwezi kumfundisha mtoto hatua tatu mfululizo. Kujivunia cha wazee ni rahisi mno. Mtu anaweza kujivunia asichokijua kabisa.

Tena urithi wenyewe si lazima uwe umenyooka. Bibi yake Acogny, Aloopho, alikuwa kuhani wa vodun. Baba yake, mtoto wa kuhani huyo, akawa Mkatoliki na mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 2015, akiwa na miaka zaidi ya sabini, Acogny alipanda jukwaani peke yake katika onyesho liitwalo À un endroit du début, akiwa na maandishi ya baba na kivuli cha bibi. Wote wawili wamo. Hilo lilinigusa kwa sababu katika ukoo wetu pia yupo aliyebatizwa akazichoma ngoma za baba yake, nasi tumezoea kumtaja kama mtu aliyekuja kukata hadithi. Siku hizi nashuku kwamba hata yeye ni sehemu ya tulichoachiwa, na kwamba mwenye kutaka kuzicheza ngoma zile itabidi aucheze na moto.

Shule aliyoianzisha mwaka 1998 na mumewe, Helmut Vogt, iko Toubab Dialaw, kijiji cha wavuvi kusini mwa Dakar. Inaitwa École des Sables, shule ya mchanga, na mchanga huo wanauchezea kweli. Ni hapo, mwanzoni mwa 2020, wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika walipokuwa wakijifunza Le Sacre du printemps ya Mjerumani Pina Bausch, kazi ya mwaka 1975 ambayo huchezwa juu ya udongo uliotandazwa jukwaani, kwa muziki wa Stravinsky. Korona ikafunga majukwaa. Kabla ya kutawanyika waliicheza ufukweni, jua likizama, kamera zikirekodi.

Wapo watakaouliza: muziki wa Mrusi, dansi ya Mjerumani, urithi wetu uko wapi hapo? Swali hilo hulipenda sana watu wasiocheza. Ukiwatazama wale vijana, mgongo unavyopinda na nyayo zinavyoipiga ardhi, utaona hakuna aliyeacha kwao ili kuingia humo.

Mwaka 2021 tamasha la dansi la Venice lilimpa Acogny tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Alikuwa na miaka 77. Sacre ile ilipoanza ziara mwaka huohuo, na yeye alikuwemo katika onyesho hilo, si kupokea maua bali kucheza: kipande cha watu wawili, yeye na Malou Airaudo, mchezaji wa siku nyingi wa Pina Bausch.