Kilo Saba za Shaba

Mjomba wangu alipofariki mwaka 2014 aliacha watoto wanne, ekari mbili za shamba nje kidogo ya mji wa Kitale, na mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa ikiilisha nyumba yake. Mkaza mjomba aliwajua wateja wake na aliyajua mahindi yao. Kilichomshinda ni mtambo wenyewe na karatasi zake. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, na kwa kuwa watu wetu huamini kwamba aliyesoma kitu kimoja amesoma vyote, nilipewa kazi ya kuisimamia mashine ile. Somo langu lilikuwa historia. Juu ya umeme nilijua kuwasha taa na kuizima.

Kinu kile kilizungushwa na mota ya umeme ya kilowati 7.5, ambayo mafundi huiita mota ya farasi kumi. Mwezi wa Novemba mwaka 2016, mavuno yakiwa yamepamba moto na magunia yamepangwa hadi nje ya mlango, mota ile ilitoa moshi mweusi wenye harufu kali, ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Akina mama waliokuwa wakingoja zamu walijitwisha tena mahindi yao wakaenda zao.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee aliyesifiwa sana mjini. Akaifungua, akaniita niinamie.

"Tazama ndani, Mwalimu. Watu wengi huendesha mota miaka ishirini wasijue iliyomo."

Ndani ya gamba la chuma mlikuwa na pete nene ya mabati membamba ya chuma, yamebanwa pamoja kama kurasa za kitabu. Ukingoni mwa pete hiyo, kwa upande wa ndani, mlichongwa mifereji, na katika kila mfereji mlilazwa msokoto wa waya wa shaba, sasa umeungua na kuwa mweusi. Mzee alinieleza kwamba umeme upitapo katika misokoto hiyo huifanya pete nzima kuwa sumaku. Na kwa kuwa umeme wa nyaya tatu huja kwa zamu, sumaku hiyo haitulii mahali pamoja bali huzunguka, ikiburuta kile kipande cha katikati kinachozungusha kinu. Kazi yote ya kusaga, alisema, hutoka katika shaba ile. Kuisuka upya kungehitaji kilo saba na ushei za waya. Akataja bei.

Bei ile iliniuma. Nikamwambia nitafikiri, na kwa kufikiri nilikuwa na maana ya kutafuta mwingine. Nilimpata upande wa pili wa mji. Alitaka zaidi kidogo ya nusu ya bei ya mzee, na siku mbili tu. Sikumwuliza waya wake ulitoka wapi wala mbona ulikuwa rahisi hivyo. Siwezi kudai kwamba nilidanganywa, maana nilikubali kudanganyika kabla sijadanganywa.

Mota ilirudi, ikavuma, unga ukatoka, nami nikajisifu mbele ya watu kwa fedha nilizookoa. Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mkaza mjomba. Alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya mota kila jioni kabla ya kufunga mlango, kama mtu apapasaye paji la uso wa mtoto.

"Mwanangu, mbona siku hizi haishikiki?"

Nikamwambia ni jua. Ankara ya umeme ilipopanda kidogo, nikailaumu bei ya umeme. Mwezi wa Machi mwaka 2017 mota iliungua mara ya pili. Juma lilelile binti yake mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na karo yake haikuwa na chimbuko jingine ila kinu kile.

Nilirudi kwa fundi mzee nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Alichomoa kipande cha waya ulioungua, akakikwangua kwa kisu, akakiweka kiganjani mwangu. Chini ya ngozi nyekundu waya ulikuwa mweupe.

"Hii si shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa vanishi ya rangi ya shaba."

Hapa, msomaji, nakuomba uwe na subira, kwa maana jambo lenyewe si gumu. Kila metali huuzuia umeme kidogo upitapo, na umeme uliozuiwa hugeuka joto. Fedha ndiyo izuiayo kwa uchache kuliko zote, lakini nani atasuka mota kwa fedha? Shaba huifuata kwa karibu sana. Waya wa aluminiamu wenye unene uleule hupitisha umeme kwa kadiri ya asilimia 61 tu ya shaba, na kwa hiyo joto lipotealo ndani yake huwa zaidi ya mara moja na nusu. Dawa ingekuwa kutumia waya mnene zaidi, lakini mifereji ya mota ilichongwa kwa kipimo cha shaba, nayo haipanuki. Tena kuna jambo baya zaidi: umeme ukiongezeka maradufu katika waya, joto haliongezeki maradufu bali mara nne. Ndiyo sababu mota inayolemewa na mzigo hufa ghafula, ilhali jana ilionekana nzima.

Nisiitukane aluminiamu. Nyaya kubwa zivukazo mabonde juu ya milingoti ni za aluminiamu, kwa kuwa ni nyepesi na huko hewani nafasi ya unene haikosekani. Hata kile kipande cha katikati cha mota nyingi kina fito za aluminiamu, kwani huyeyuka kwa nyuzi 660, na shaba hutaka nyuzi 1,085, joto ambalo huharibu upesi kalibu za kuisubia. Kosa lilikuwa kuitia mahali palipopimiwa shaba, na kuivika rangi isiyo yake.

Mzee alionyesha dhambi ya pili. Yule mwenzake alikuwa ameunguza misokoto ya zamani kwa moto wa wazi ili iachie upesi. Moto huo ulikuwa umeunguza utando mwembamba uyatengao yale mabati ya chuma, na mabati yakigusana, umeme huzungukazunguka ndani yake bila faida ukiyatia joto. "Hata nikiijaza shaba tupu," alisema, "haitarudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani."

Kisha akachukua karatasi ya kufungia sukari akapiga hesabu, na hesabu ile ndiyo iliyonifumbua macho. Mota ya kilowati 7.5 ya daraja la kwanza, yaani la chini, hugeuza kuwa kazi asilimia 86 ya umeme inaopokea. Ya daraja la tatu hugeuza asilimia 90.4, na ya daraja la nne 92.6. Ikibeba mzigo kamili saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ya kwanza itakula yuniti zipatazo 20,900, na ile ya daraja la tatu 19,900. Yuniti 1,000 kila mwaka ni joto ambalo halikusaga hata punje moja! Na tulipozidisha yuniti zote kwa bei ya umeme ya siku zile, umeme wa mwaka mmoja ulikuwa mara kadhaa ya bei ya mota mpya. Nilikuwa nimebania shaba, ambayo hununuliwa mara moja, nikajifunga kulipia joto kila mwezi.

Baadaye nilisoma kwamba karibu nusu ya umeme wote wa dunia huliwa na mota: za pampu, za viwanda, za majokofu, za feni. Ndiyo maana serikali zimeingilia kati. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza mota mpya za daraja la kwanza mwaka 2011, zikapanda hadi la tatu kwa mota nyingi mwaka 2021, na mwaka 2023 zikataka la nne kwa baadhi ya zile kubwa. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2016, iliweka viwango vya chini kwa vyombo kadhaa vya umeme, na mota za nyaya tatu zimo. Watengenezaji hupanda daraja kwa chuma bora na kwa hesabu nzuri zaidi, lakini mara nyingi hulazimika pia kujaza shaba zaidi katika mifereji. Kwa hiyo dunia ikitaka kupunguza umeme, huongeza shaba. Na magari ya umeme yanazidisha haja hiyo. Kongo, ambayo mababu wa Katanga walisubu shaba yake kuwa misalaba ya kufanyia biashara, ilikuwa nchi ya pili kwa uchimbaji wa shaba duniani mwaka 2024.

Kama mwalimu wa historia, sikuweza kujizuia kutazama nyuma. Mwaka 1831 huko London, Michael Faraday alizungusha waya wa shaba juu ya pete ya chuma, akaona kwamba sumaku ikibadilika, umeme huzaliwa katika waya. Jenereta zote za mabwawa yetu, za mvuke wa Olkaria na za upepo wa Turkana, ni watoto wa pete ile. Karibu nasi zaidi, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na mwaka 1956 reli ilifika Kasese ili kuchukua shaba ya Kilembe. Shaba hiyo iliyeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa lile, ikasafirishwa kwa gari la moshi kupitia Eldoret hadi Mombasa na ng'ambo. Umeme uliozaliwa katika shaba uliyeyusha shaba, na gari lililoibeba likapita si mbali na kwetu, ila sisi hatukujua kuwa lina lolote la kutuhusu.

Jioni ile nilimwendea mkaza mjomba nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu wa jua. Alinyamaza kwa muda mrefu akichambua maharagwe. Kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo mpya itakuwa na shaba kiasi gani?"

Nilikopa kutoka chama chetu cha akiba cha walimu, nikalipa karo ya binti kwanza, halafu nikanunua mota ya daraja la tatu. Kuufuta mkopo huo kulinichukua miaka miwili. Siku tulipoifunga, mkaza mjomba alisubiri hadi mteja wa mwisho aondoke, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo, akanitazama bila kusema neno, kisha akazima taa.