Sura ya Kifundi na Hofu ya Mtumiaji: Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika kuwatembelea wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Karagwe na Kyerwa, nimesikia usemi mmoja ukirudiwa kila inapotajwa kompyuta yenye Linux: "Hiyo ni ya mafundi." Usemi huo hutolewa kwa heshima, wala si kwa dharau. Hata hivyo, humfungia mtu mlango kabla hajabisha hodi. Shabaha ya makala haya ni kueleza hofu hiyo hutoka wapi, na kuonyesha kwamba dawa yake imo zaidi katika mbinu za kufundishia kuliko katika mashine.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Ndani ya kila kompyuta imo programu kuu inayopokea herufi kutoka kwenye kibodi, inayohifadhi mafaili, inayoiamuru printa, na inayoziwezesha programu nyingine kufanya kazi bila kugongana. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi mmojawapo, nao ni mali ya kampuni ya Microsoft. Linux ni mwingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kiini chake, na tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wameendelea kukijenga. Ye yote anaruhusiwa kukinakili, kukichunguza na kukirekebisha, na matoleo mengi ya mfumo huo hayadai ada ya leseni.

Asili hiyo ndiyo fahari ya Linux. Ndiyo pia chanzo cha sura yake ya kutisha. Waliojenga mfumo huu walikuwa mafundi waliozungumza na mafundi wenzao. Walizoea kuiamuru kompyuta kwa maneno yaliyoandikwa katika dirisha jeusi, na walipotaka kumsifia mgeni kazi yao, walianzia humo humo. Isitoshe, matoleo ni mengi: Debian, Fedora, Mint, Ubuntu na mengineyo. Mgeni huuliza, "Nitaandikaje barua?" Badala ya kujibiwa, huulizwa, "Unataka toleo gani?" Wahenga walisema kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Aliye gizani humfaa taa, na mjadala juu ya aina za taa huweza kusubiri.

Natoa mfano mmoja. Shule moja ya msingi wilayani Kyerwa ilipewa kompyuta kuukuu zilizowekwa Linux. Mtaalamu aliyezileta alikuwa mjuzi na mwenye nia njema. Aliwakusanya walimu, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri kwa kasi. Mistari ya maandishi ikatembea kiooni kama msafara wa siafu. Akaeleza habari za kiini, za leseni na za virusi. Muda mrefu ulipita kabla hajaonyesha mahali pa kuandikia barua. Nilipofika shuleni hapo mwezi uliofuata, nilizikuta kompyuta zimefunikwa vitambaa. Mwalimu kijana aliniamkia, nami nikamwuliza kulikoni.

"Tunaogopa kuziharibu, mwalimu," alijibu. "Tukikosea amri moja tu, tutamwita nani?"

Swali lake ni la haki, na halifai kupuuzwa. Fundi wa mjini tuliyemzoea anaijua Windows. Mwenye duka la steshenari anayetuchapia mitihani hutumia Windows. Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani huja nayo tayari. Kwa hiyo mtu anayesitasita kuwa peke yake na chombo asichojua jirani wa kumsaidia si mjinga wala si mvivu. Anapima hasara kama mkulima apimavyo mbegu mpya kabla ya kuiingiza shambani.

Lakini yapo mambo yanayothibitisha kwamba hofu hiyo haitoki katika Linux yenyewe. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyokuwa vimetumika katika kazi hiyo. Vishikwambi hivyo huendeshwa na Android, na kiini cha Android ni Linux. Hali kadhalika simu janja nyingi zilizomo mifukoni mwa wakulima wa kahawa na ndizi kutoka Kayanga hadi Murongo. Yule yule aliyeifunika kompyuta kitambaa alikuwa na Linux mkononi, akituma picha, akisoma matangazo na kuhesabu fedha zake, bila hofu yo yote. Tofauti ilikuwa moja: simu hakukabidhiwa kwa kuelezwa kiini chake. Alipewa kazi ya kufanya, akaifanya.

Wako wanaodhani kwamba tatizo ni lugha tu, na kwamba tukitafsiri maneno hofu itakwisha. Kazi hiyo ilikwisha kuanzwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili. Jitihada hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo, dirisha jeusi likiandikwa Kiswahili hubaki kuwa dirisha jeusi. Tafsiri humsaidia aliyekwisha kuingia ndani. Haimwingizi aliyesimama nje.

Mwaka huo huo wa 2004 lilitolewa toleo la kwanza la Ubuntu, lililoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kwa nia ya kumrahisishia kazi mtu wa kawaida. Msemaji wa Kinyambo hahitaji kufasiriwa jina hilo, kwa kuwa obuntu ni utu na ukarimu kwa wenzako. Utu huo hauna budi kuonekana katika ufundishaji pia. Ufalme wa Karagwe, uliokuwa na makao yake Bweranyange, ulisifika kwa uhunzi wa chuma. Lakini aliyehitaji jembe hakulazimika kwanza kujua siri za tanuri. Alilipima jembe shambani, katika migomba yake.

Kutokana na hayo, nawapendekezea wanachuo utaratibu ufuatao. Kwanza, anzeni na kazi ambayo mwanafunzi au mwalimu mwenzenu anaihitaji leo: barua ya kuwaita wazazi kikaoni, au orodha ya alama za darasa la nne. Pili, linganisheni na kinachojulikana: faili ni kama daftari, folda ni kama kabati la ofisi, na alama ya kufungulia programu ni ile ile waliyokwisha kuigusa kwenye simu. Tatu, waacheni wakosee mbele yenu, ili wajue kwamba kosa moja haliiui kompyuta. Nne, pawepo mtu wa karibu wa kuulizwa, japo ni mwalimu wa shule jirani. Dirisha jeusi lina nafasi yake, lakini ni kwa siku ile mwanafunzi atakapouliza mwenyewe, "Humu ndani kuna nini?" Hapo ufundi utakuwa jibu la udadisi wake.

Jambo hili si dogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali kuwekwa kwenye kompyuta nyingi za zamani. Kompyuta za namna hiyo ndizo aghalabu huletwa shuleni kama msaada. Nyingi zingeweza kufanya kazi kwa miaka kadhaa zaidi zikiwekwa Linux, na shule isingelipia leseni. Watakaokosa kompyuta kwa sababu ya sura tuliyoipa Linux ni watoto ambao nyumbani kwao hakuna nyingine.

Basi, ndugu wanachuo, mtakapoandaa somo lo lote lenye chombo kigeni ndani yake, jiulizeni kabla ya kuandika andalio: mwanafunzi atafanya nini kwa mikono yake katika dakika tano za kwanza? Mwalimu asiyekuwa na jibu la swali hilo ataonyesha ujuzi wake tu, na darasa litabaki likimtazama.