Namba Isiyo Namba

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba namba haigawanyiki kwa sifuri. Wengi wetu tuliyakubali maneno hayo tukaendelea na mengine. Mimi nimeyaona manufaa yake muhula huu katika Chama cha Kompyuta, tulipojifunza kutunza maksi kwa programu iitwayo PostgreSQL.

Kompyuta nyingi huandika namba za desimali kwa kanuni zilizowekwa mwaka 1985. Katika kanuni hizo, moja ikigawanywa kwa sifuri hutoa thamani isiyo na kikomo. Sifuri kwa sifuri hutoa NaN, maana yake "si namba". PostgreSQL hukataa kugawanya kwa sifuri, lakini NaN ikija imekwisha andikwa na programu nyingine, huipokea kama mgeni mwenye barua. Hata safu ya maksi iliyowekewa idadi ya tarakimu, ambayo huikataa thamani isiyo na kikomo, huikaribisha NaN.

Nilifanya jaribio kwa majina ya kubuni. Watatu walipata 60, 70 na 80. Wa nne alikuwa mgonjwa, nami kwa makusudi nikamwandikia NaN. Wastani wa darasa zima ukawa NaN! Tena nilipoamuru majina yapangwe toka juu hadi chini, mgonjwa akawa wa kwanza, kwani programu hii huihesabu NaN kuwa kubwa kuliko namba zote.

Nikamwandikia sifuri. Wastani ukashuka hadi 52.5, naye akawa wa mwisho, ingawa mtihani hakuufanya. Mwisho nikaiacha nafasi yake tupu, na wastani ukawa 70, ndio wastani wa haki wa wale watatu.

Basi yafaa kuweka bawabu mlangoni, yaani sharti kwamba maksi isiwe chini ya 0 wala kupita 100. Sehemu ya kwanza peke yake haitoshi, maana NaN huipita. Nafasi tupu huruhusiwa, ila wakati wa kupanga majina hapana budi kuiagiza programu iziweke mwisho.

Mzazi asomapo ripoti haioni kompyuta. Huiona nafasi ya mwanawe. Kwa hiyo nawasihi wenzangu mtakaoshika kazi hii: aliyepata sifuri na asiyefanya mtihani msiwaandike namna moja.

Mwanafunzi, Kidato cha III