Kanisa Kuu la Kisangani Wakati wa Usiku

Msafiri avukaye Mto Kongo jioni kutoka Lubunga huona giza likiushukia upesi mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville hata mwaka 1966. Maana hapa tupo karibu sana na ikweta. Ng'ambo, karibu na maji, lasimama Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari. Mama yangu alifunga ndoa humo. Sasa miguu imemwishia nguvu, naye aliniomba picha ya kanisa usiku, taa zikiwaka.

Picha ya kwanza ilinitia haya: taa zilikuwa madoa meupe, kuta zimepotea gizani. Jicho letu hujirekebisha litazamapo taa, kisha kivuli. Kamera hupokea kadiri moja tu ya nuru. Basi nikaisimamisha juu ya stendi ya miguu mitatu, nikapiga picha tatu bila kuisogeza: ya kwanza ya kitambo kidogo mno, kwa ajili ya taa, ya pili ya wastani, ya tatu ya sekunde 15, kwa ajili ya kuta. Halafu kompyuta huziunganisha, ikitwaa katika kila moja sehemu iliyo wazi. (Wengine huzidisha rangi, hata kanisa likafanana na peremende.)

Picha ya tatu ilipofika sekunde ya kumi, umeme ukakatika. Nilifadhaika, lakini nuru ya kutosha ilikwisha kuingia, na kuta zikaonekana.

Mama aliitazama kitambo kirefu, kisha akauliza, "Mbona mlango umefungwa, mwanangu?"