Mwanafunzi wa ng'ambo, homa ikikushika usiifiche



Ndugu zangu, kila baridi inapoingia huko kaskazini simu yangu hujaa meseji za vijana wetu waliokwenda kusoma. Mmoja yuko Uturuki, mwingine Uingereza, mwingine Urusi. Wote wanauliza karibu jambo moja: shekhe, bweni zima lina mafua makali, nifanye nini? Halafu mwishoni, kwa aibu, linakuja swali lenyewe hasa: nikijitenga, si itaonekana sina tawakkul?

Mwaka 2009 nilikuwa nasoma Cairo. Tulikuwa vijana watano katika fleti moja Nasr City. Mwaka huo ndio ilipoenea homa ya H1N1, ambayo watu waliiita homa ya nguruwe, na jina hilo liliwaponza wengi. Wallahi nimesikia kwa masikio yangu watu wakisema: sisi hatuli nguruwe, haitatufika. Serikali ya Misri yenyewe iliamuru nguruwe wa nchi nzima wachinjwe, karibu laki tatu, kabla hata mgonjwa mmoja hajapatikana nchini. Mabaki ya chakula waliyokuwa wakilishwa nguruwe wale yakabaki yanaoza mitaani. Na mwezi Juni ugonjwa ukaingia kwa abiria wa ndege. Virusi vilikuwa vinapita kwa kikohozi, chafya na mikono, wala havikumuuliza mtu amekula nini.

Katika fleti yetu mwenzetu mmoja alikuwa na pumu. Mwingine akashikwa na homa siku chache kabla ya mtihani, akanyamaza. Akawa anameza vidonge vya kushusha homa, anajifunika kanzu ya baridi, anakaa nasi kwenye sinia moja la ful, anageuka pembeni kukohoa. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa kukosa mtihani. Aliogopa karantini katika nchi ambayo hana hata shangazi wa kumpikia uji. Na aliogopa maneno ya watu. Siku ya nne yule wa pumu alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, tukamkimbiza hospitali kwa teksi saa nane usiku. Alilazwa siku sita. Alhamdulillah, alirudi.

Sasa huyu aliyeficha, dini ilimtaka afiche? Hasha. Sayyidna Umar (R.A.) mwaka wa 18 Hijria alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapewa habari kwamba kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akajibu kwa maana kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Awf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.): penye tauni usiingie, na ukiwa ndani usitoke kuikimbia. Nani kati yetu ana tawakkul kumshinda Umar?

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha yule mtu wa Thaqif aliyekuwa na ukoma. Alikuja na ujumbe wa watu wake kumpa Mtume (S.A.W.) bai'a. Akatumiwa habari kwamba bai'a yake imekubaliwa, arejee. Tazameni adabu hiyo. Hakusogezwa katikati ya watu, na wala hakudhalilishwa: alipata kila alichokijia, ila kwa mbali. Basi mgonjwa wa chumbani kwenu naye apate haki yake kwa mbali. Uji uwekwe mlangoni, simu ipigwe asubuhi na jioni, mmoja wenu amwandikie mwalimu kuhusu mtihani. Mgonjwa anaficha akijua kwamba akisema atabaki peke yake.

Na wewe uliyeshikwa, Ijumaa una udhuru, swali Adhuhuri rakaa nne chumbani. Aliyekula vitunguu vibichi kakatazwa kuusogelea msikiti kwa harufu tu, sembuse wewe na kikohozi? Mafua haya huambukiza tangu siku moja kabla hujajisikia vibaya, na huendelea siku tano hadi saba baadaye. Homa ikiisha, ngoja saa 24 kamili bila kidonge cha kuishusha ndipo utoke. Sinia la pamoja lipumzike kwanza. Dirisha lifunguliwe hata kama nje kuna theluji. Na wudhu ni twahara, ndiyo, lakini mikono inahitaji sabuni pia. Kuna wanaokimbilia antibayotiki: hizo haziui virusi. Chanjo ichomwe mapema, kama Oktoba hivi, maana huchukua wiki mbili kuanza kukinga. Wenye pumu, kisukari, selimundu na dada zetu wajawazito wasiichelewe.

Jambo moja ambalo madaktari wa huko wanaweza kulisahau. Kama umefika karibuni kutoka kwetu na homa inakupanda, mwambie daktari waziwazi: nimetoka nchi yenye malaria, nipimeni damu. Wakati wa mlipuko kila homa huonekana ni mafua, na malaria ikicheleweshwa huua haraka.

Homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, kifua kikibana, pumzi ikikatika au mtu akianza kuchanganya maneno, msingoje alfajiri. Namba ya dharura ya nchi mliyopo iandikeni leo, ibandikeni mlangoni. Uingereza ni 999, Uturuki na nchi za Ulaya ni 112.

Allah awaponye walio vitandani ugenini, na awatulize mama zao huku nyumbani. Aamin.