Kukosoa si Kuvunja Moyo

Lugha yetu yenyewe yatufundisha. Kukosa ni kufanya kosa. Kukosoa ni kuliondoa kosa hilo. Basi amchekaye mwenziwe na kumwacha na kosa lake hajakosoa kitu.

Sisi tukaao Njombe na Makambako tunao ushahidi mbele ya macho yetu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Benki ya Dunia walisema reli ya kwenda Zambia haitaleta faida. Mwaka 1967 China ilikubali kusaidia, na wapimaji wakapanda milima. Nao waliona ugumu, hasa kati ya Mlimba na Makambako. Lakini kila palipokuwa na kizuizi walitafuta njia: hapa handaki, pale daraja. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1975 reli ilifika Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam. Kweli, baadaye reli hiyo ilipata taabu nyingi za fedha, basi onyo la kwanza halikuwa bure. Ila onyo lisiloonyesha njia humwacha mtu palepale.

Kijijini kwetu kijana mmoja alileta mkutanoni mchoro wa ghala la viazi lenye madirisha makubwa. Mzee mmoja akasema, “Wewe uliyeishia darasa la saba utatufundisha nini?” Watu wakacheka. Kijana akaanza kukunja karatasi yake. Ndipo mama mmoja akasema, “Mwanangu, usikunje bado. Upepo ni mzuri, lakini viazi vya kula vikipata mwanga hugeuka kijani na kuwa vichungu. Mwanga wafaa viazi vya mbegu. Je, huwezi kugawa vyumba viwili?” Leo ghala hilo lina vyumba viwili, kimoja cha giza na kimoja cha mwanga.

Angalieni: mama yule hakumsifu ovyo. Alitaja kosa waziwazi kuliko mzee. Lakini mzee alisema juu ya mtu, mama alisema juu ya ghala.

Wazazi wapendwa, mtoto akileta wazo, ulizeni kwanza anataka kufanya nini. Tajeni lililo jema, kisha mwonyesheni kosa na mtafute dawa pamoja naye. Asiye na la kusaidia, heri anyamaze. Karatasi ikikunjwa leo, huenda isifunguliwe tena.